Taa Nane za Mayahudi: Nani Yuko Upande wa Antioko?



Kila mwaka, katika majira ambayo watu wa kusini wanashughulika na minada ya korosho huku wakitazama mawingu ya mvua za kwanza, huzuka katika simu za vijana wetu picha ya kinara chenye matawi tisa. Chini ya picha huandikwa maneno makali: kwamba hicho ni chombo cha uchawi cha Mayahudi, kwamba kwa muda wa siku nane wao huwaita mashetani ili kuuangamiza Uislamu, na kwamba Muislamu hana dhambi kwa lolote atakalowatenda wenye taa hizo. Vijana wa Mikindani na Msimbati wametuonyesha picha hiyo na kutuuliza ukweli wake. Wazee wengine wametushauri tunyamaze. Wanasema: "Mtwara hii hatumjui Myahudi hata mmoja, ya nini kujitia katika mambo ya watu wa mbali?"

Hatuwezi kunyamaza, na sababu ni mbili. Kwanza, uongo ni uongo hata ukisemwa juu ya mtu wa mbali. Pili, hayo maneno ya mwisho, kwamba mtu hana dhambi kwa lolote atakalomtenda mwenye dini nyingine, hayako mbali nasi hata kidogo. Yamekwisha kuvuka mto Ruvuma, tena yakiwa na bunduki.

Mtume s.a.w. aliuliza kwanza

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alipohamia Madina aliwakuta Mayahudi wa mji ule wamefunga siku ya Ashura. Hakuwacheka, wala hakutoa hukumu kabla ya kujua. Aliwauliza siku hiyo ni siku gani. Wakamweleza kuwa ndiyo siku ambayo Mwenyezi Mungu alimwokoa Nabii Musa a.s. na watu wake kutoka mikononi mwa Firauni. Ndipo naye akafunga, akawaamrisha masahaba wafunge, akibainisha kwamba Waislamu wana haki zaidi kwa Musa a.s. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim, na masheikh wetu huisoma kila Muharram ifikapo.

Basi hii ndiyo adabu tuliyoachiwa: kwanza kuuliza, kisha kupima, kisha kusema. Wale wanaosambaza picha ya kinara wameanza na kusema, na kuuliza hawakuuliza kamwe. Na tuulize sisi.

Sikukuu hii ni ya nini?

Jina lake ni Hanuka, na maana yake ni kuweka wakfu. Biblia ya Kiswahili, katika Injili ya Yohana sura ya 10, huiita Sikukuu ya Kutabaruku, na hapo Nabii Isa a.s. anatajwa akiwa katika hekalu la Yerusalemu wakati wa sikukuu hiyo, majira ya baridi. Tazameni, ndugu zangu: wafasiri wale walipotafuta neno la Kiswahili la kuitaja sikukuu hii, walilikuta vinywani mwa Waislamu wa pwani.

Kisa chenyewe ni hiki. Yapata miaka 170 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa a.s., nchi ya Bani Israili ilikuwa chini ya mfalme wa Kiyunani wa Shamu aliyeitwa Antioko wa Nne. Mwaka 167 kabla ya Isa, mfalme huyo alipiga marufuku dini yao. Kutahiri mtoto kukawa kosa la kuuawa. Kuishika Sabato kukawa kosa. Kukutwa na Taurati kukawa kosa. Katika nyumba ya Mungu pale Yerusalemu ikasimamishwa madhabahu ya sanamu la Zeu, na nguruwe wakachinjwa hapo. Watu wakalazimishwa kula nyama ile ili wathibitishe kuwa wameiacha dini ya baba zao.

Ndipo kuhani mzee wa mji wa Modini, jina lake Matathia, akakataa, yeye na wanawe watano. Wakakimbilia milimani. Alipofariki, mwanawe Yuda, aliyepewa lakabu ya Makabayo, akawaongoza wanyonge wale dhidi ya majeshi makubwa. Mwaka 164 kabla ya Isa waliingia Yerusalemu, wakaitoa madhabahu ya sanamu, wakaisafisha nyumba, wakawasha taa zake, wakaiweka wakfu upya kwa siku nane, kuanzia tarehe 25 ya mwezi wao wa Kislevu. Hayo yameandikwa katika vitabu viwili vya Wamakabayo, ambavyo ndugu zetu Wakatoliki wanavyo ndani ya Biblia zao, ingawa Waprotestanti hawavihesabu.

Taa zenyewe na desturi zake

Wanavyuoni wa Kiyahudi walisimulia baadaye, katika kitabu chao cha Talmudi, kwamba waliosafisha hekalu walikuta chupa moja tu ya mafuta safi yenye muhuri wa kuhani mkuu, ya kutosha siku moja, nayo ikawaka siku nane. Msomaji makini ataona kuwa habari ya chupa haimo katika vitabu vya Wamakabayo, ambavyo viliandikwa karibu zaidi na tukio. Humo siku nane ni siku za kuweka wakfu, na kitabu cha pili kinazilinganisha na sikukuu ya vibanda ambayo watu wale hawakuweza kuisherehekea walipokuwa mafichoni. Hatusemi hivyo ili kuwacheka. Nasi tunazo hadithi ambazo wanavyuoni wetu wamezipima sanadi na kuziona dhaifu, na bado zinasomwa katika maulidi zetu kama kwamba ni Kurani. Asiyechuja mtungi wake asicheke maji ya jirani.

Desturi zake ni hizi. Jua likisha kuzama, watu wa nyumba huwasha taa moja usiku wa kwanza, mbili usiku wa pili, hata zikatimia nane. Zamani wafuasi wa mwalimu Shamai walitaka kuanza na nane na kupunguza. Wafuasi wa Hileli wakasema kuwa katika mambo matakatifu mtu huongeza wala hapunguzi, na rai yao ndiyo ifuatwayo. Tawi la tisa, ambalo vijana wetu wameambiwa ni la shetani, huitwa "mtumishi". Kazi yake ni kuwashia zile nane, kwa sababu nuru ya zile nane haifai kutumiwa kwa kushona, kusoma wala kuhesabu fedha. Ni ya kutazamwa tu na kumshukuru Mungu. Kinara huwekwa mlangoni au dirishani ili wapitao waone. Husomwa zaburi za shukrani. Huliwa vyakula vya kukaanga kwa mafuta, maandazi na chapati za viazi, kwa kumbukumbu ya mafuta yale. Watoto huchezea pia yenye herufi nne na kupewa vijisenti, kama watoto wetu wapewavyo siku ya Idi.

Uchawi u wapi hapo? Hakuna jini anayeombwa, hakuna damu, hakuna kafara. Lakini katika pwani yetu hii, kutoka Kilambo hadi Lindi, wapo watu wanaofukiza ubani mizimuni, wanaofunga vitambaa vyeupe penye mibuyu na kuwapelekea wafu sahani za chakula, na siku ya Ijumaa wamo katika safu ya mbele. Mwenye mambo hayo nyumbani kwake akinyosha kidole kwa Myahudi anayemshukuru Mungu mmoja kwa taa, ajue kwamba vidole vitatu vinamwelekea mwenyewe.

Wala tusieleweke vibaya. Hatumwambii Muislamu awashe kinara. Mtume s.a.w. alipofika Madina aliwakuta watu na siku mbili za michezo, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia zilizo bora zaidi: Idi ya Fitri na Idi ya Hija. Hizo zatutosha. Tunachosema ni kwamba kutoisherehekea sikukuu ni jambo moja, na kuisingizia ni jambo jingine.

Kurani Tukufu yasimama upande gani?

Kurani Tukufu haikumtaja Yuda Makabayo wala Antioko. Lakini imetaja mambo mawili yanayotosha.

La kwanza ni katika Sura Bani Israili, aya ya 7, ambapo nyumba ile ya Yerusalemu iliyoingiwa na maadui imeitwa kwa neno la Kiarabu *masjid*, yaani msikiti. Basi nyumba aliyoinajisi Antioko kwa sanamu na nguruwe si nyumba ya kigeni kwetu. Na kuisafisha kulikuwa kazi ya namna moja na ile aliyoifanya Mtume wetu s.a.w. mwaka wa 8 Hijria alipoingia Makka na kuyaondoa masanamu 360 katika Al-Kaaba. Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia tena kwamba Sayidina Umar r.a., alipoingia Yerusalemu, alikuta mahali pale pamefanywa jalala, akaanza kuzoa taka kwa nguo yake mwenyewe.

La pili ni katika Sura Al-Hajj, aya ya 39 na ya 40. Hizi ndizo aya za kwanza zilizowaruhusu Waislamu kushika silaha. Je, ziliruhusu kwa ajili gani? Zinaeleza kwamba walioruhusiwa ni wale waliodhulumiwa na kutolewa majumbani mwao kwa sababu tu ya kusema Mola wao ni Mwenyezi Mungu. Na kwamba kama Mungu asingewazuia baadhi ya watu kwa wengine, yangevunjwa mahekalu ya watawa, na makanisa, na masinagogi, na misikiti. Soma tena utaratibu huo, ndugu yangu. Masinagogi ya Mayahudi yametajwa, na yametajwa kabla ya misikiti.

Kwa hiyo sikukuu hii ni kumbukumbu ya jambo ambalo Kurani yenyewe imelitolea ruhusa: mnyonge kujilinda dhidi ya mfalme anayelazimisha dini. Anayemshambulia mtu kwa sababu anawasha taa za kumbukumbu hiyo hajasimama upande wa Kurani. Amesimama upande wa Antioko.

Wajukuu wa washindi

Lakini kisa hakikuishia kwenye taa, na hapa pana somo ambalo wenye kupenda silaha hawapendi kulisikia. Ukoo wa Matathia ulitwaa ukuhani mkuu, kisha ufalme. Mjukuu wake, Yohane Hirkano, aliwashinda Waidumea, watu wa kusini ya nchi ile, akawapa shuruti: watahiriwe na kuishika sheria ya Kiyahudi, au waihame nchi yao. Fikirini! Babu alikimbilia milimani kwa sababu alilazimishwa kuiacha dini. Mjukuu akawalazimisha wengine kuingia dini.

Na mavuno yake yalikuwa nini? Wafalme wa ukoo ule waligombana wenyewe kwa wenyewe hata mwaka 63 kabla ya Isa jemadari Pompeyo wa Roma akaingia Yerusalemu. Na kutoka katika wale Waidumea waliotahiriwa kwa nguvu akatokea Herode, aliyetawala kwa msaada wa Roma na kuwaua warithi wa mwisho wa ukoo wa Matathia. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura Al-Baqara, aya ya 256, kwamba hakuna kulazimisha katika dini. Asiyeiamini aya hiyo kwa kusoma, na aiamini kwa kutazama historia.

Wanavyuoni wa Kiyahudi wa baadaye walilitambua hilo. Katika Sabato ya Hanuka walichagua kusomwa maneno ya Nabii Zakaria, sura ya 4, yafundishayo kwamba ushindi wa kweli hautokani na wingi wa jeshi bali na roho wa Mungu. Wakaiweka taa mbele, upanga wakauweka nyuma.

Idi Amin na Mayahudi wa Mbale

Tusidhani kwamba habari za Antioko ni za kale tu. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, mkuu mashuhuri wa Uganda ya mashariki, aliishika dini ya Kiyahudi, akatahiriwa yeye na wanawe, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Wapo hata leo katika vilima vya Mbale. Idi Amin, aliyetawala tangu 1971 na kujiita mtetezi wa Uislamu, aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa. Wengi wakaingia Uislamu au Ukristo kwa hofu. Wachache wakaendelea kusali kwa siri.

Je, Uislamu ulipata faida gani kwa silimu za namna hiyo? Na ni nani aliyewaondolea Abayudaya marufuku ile? Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania yakiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda; na jioni ile ile ndiyo iliyoanzisha Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka ule. Katika majeshi yale walikuwamo Waislamu wengi wa nchi yetu. Baadaye, mwaka 2004, wakulima wa kahawa wa vilima vile, Mayahudi, Waislamu na Wakristo, walianzisha chama kimoja cha ushirika, wakakiita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Hao ndio waliofahamu dini.

Kikambala, kumi la mwisho la Ramadhani

Tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala, kaskazini ya Mombasa, ilipokea wageni waliotoka Israel kwa mapumziko. Hanuka ya mwaka ule ilikuwa ianze jioni ya kesho yake, tarehe 29. Wageni walipokuwa wakiandikishwa, na wachezaji ngoma wa Kigiriama wakiwapokea kwa nyimbo, gari lililojaa mabomu liliingizwa kwa nguvu hotelini. Waliuawa watu 13, mbali na wauaji wenyewe: Waisraeli 3, ambao wawili kati yao walikuwa watoto, na Wakenya 10. Asubuhi ile ile makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege iliyokuwa ikiondoka Mombasa na abiria zaidi ya 200. Kwa rehema ya Mungu yakakosa.

Siku ile ilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, siku ambazo Waislamu hukaa itikafu wakiutafuta usiku wa Lailatul Qadri, usiku ulio bora kuliko miezi elfu. Badala ya kutafuta nuru hiyo, wenye kujiita Waislamu walikwenda kuizima nuru ya wengine, na wengi waliouawa walikuwa maskini wa pwani waliokuwa wakitafuta riziki kwa ngoma na utumishi. Sura Al-Maida, aya ya 32, inamhesabu muuaji wa nafsi moja isiyo na hatia kuwa kama aliyewaua watu wote. Basi hao walikwenda Kikambala na hesabu gani?

Linganisheni na Muislamu mwingine. Tarehe 14 Desemba 2025, jioni ya kwanza ya Hanuka, watu wawili wenye bunduki waliwashambulia Mayahudi waliokusanyika katika ufuo wa Bondi, Sydney, huko Australia, wakaua watu wengi. Muuza matunda mmoja, Muislamu mzaliwa wa Syria, alimrukia mmoja wa wauaji kwa mikono mitupu akamnyang'anya bunduki, naye akajeruhiwa kwa risasi. Hakuulizwa na mtu yeyote hukumu ya kinara. Aliona nafsi zinauawa, akafanya lililo wajibu.

"Na Gaza je?"

Tunajua swali hili litaulizwa, na ni haki liulizwe. Tangu Oktoba 2023 makumi ya maelfu ya Wapalestina wameuawa Gaza, wakiwamo watoto wengi mno, na misikiti imebomolewa. Huo ni udhalimu, na hatuuonei haya kuuita udhalimu. Katika shambulio lililotangulia, la tarehe 7 Oktoba 2023 ndani ya Israel, waliuawa pia vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Na huo nao ni udhalimu. Tena wapo Mayahudi wa leo wanaomtaja Makabayo kwa ajili ya upanga wake tu na kusahau alichopigania. Hao tunawakumbusha Yohane Hirkano.

Lakini serikali ya Israel ilianzishwa mwaka 1948, na taa za Hanuka zilikuwa zikiwaka Sanaa, Baghdad na Fes, katikati ya Waislamu, karne nyingi kabla ya hapo. Sura Al-Maida, aya ya 8, inaamrisha kwamba chuki ya watu isitupeleke kutotenda haki. Aya hiyo haikuteremshwa kwa ajili ya siku ambazo hatuna uchungu. Imeteremshwa hasa kwa ajili ya siku kama hizi.

Enyi watu wa Ruvuma

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 5 Oktoba 2017 wenye silaha walivamia Mocímboa da Praia, ng'ambo ya mto wetu. Walidai wanaleta dini. Oktoba 2020 walivuka wakaingia kijiji cha Kitaya, katika mkoa huu wa Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Machi 2021 wakaingia Palma. Mamia ya maelfu ya watu wamekimbia makwao huko Cabo Delgado, na wengi wa watu wa pwani ile ni Waislamu, ndugu zetu wa damu na wa ndoa. Hapakuwa na Myahudi Kitaya. Hapakuwa na kinara Palma. Walioambiwa kwamba ni halali kumdhuru mwenye dini nyingine waliishia kumchinja mwenye dini yao. Ndiyo sababu tumesema kwamba picha ile ya simu si mchezo: mlango unaofunguliwa kwa kumchukia Myahudi asiyeonekana ndio anaopitia muuaji wa jirani anayeonekana.

Basi maimamu, mwulizwapo juu ya sikukuu hii, semeni ukweli: ni kumbukumbu ya watu waliokatazwa kumwabudu Mungu mmoja, wakakataa. Wazazi, zikagueni simu za watoto wenu kama mzikaguavyo nyavu kabla ya kwenda baharini. Nanyi vijana, atakayewajia usiku akiwaambia kwamba njia ya Peponi inavuka Ruvuma na bunduki, mwulizeni swali moja tu: wewe ni wa wale waliosafisha nyumba ya Mungu, au ni wa Antioko aliyewalazimisha watu kwa upanga? Asipoweza kujibu, mfungieni mlango.

Wavuvi wa Msimbati wanajua kwamba karabai moja huita samaki kutoka mbali katika giza, wala hainyang'anyi karabai ya ngalawa nyingine mwanga wake. Mwenyezi Mungu aujaze mioyo yetu nuru isiyoogopa nuru ya jirani, na ailinde mipaka yetu, na awarehemu waliouawa Kikambala, Kitaya, Palma na Gaza. Amin.